Leseni Inabadilika: Tulinde Daftari Letu

Mazungumzo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kisangani



Komite ilituomba tuongee juu ya jambo lenye wengi hawalipendi: leseni za programu za mashini. Tunajua kuna wenye wanapaswa kuvuka mto kurudi Lubunga kabla ya giza, kwa hiyo hatutawachelewesha. Lakini tunaomba masikio yenu ju ya sababu moja. Mwezi wa tano unaokuja, leseni 10 za chama zinafika mwisho, na zile zenye zinatolewa bure sasa hazifanani na za zamani. Tusipojitayarisha, daftari la wanachama na daftari la akiba vinaweza kufika hali moja mbaya: viko, tunaviona, lakini hatuwezi kuandika ndani.

Ninyi wanachama mnajua ile daftari ni nini. Kwa wafadhili wetu tuseme kidogo. Familia nyingi za chama zilikimbia makwao ju ya machafuko yaliyoanza Lubunga mwaka 2023. Wamoja walirudi bila karte ya mchaguzi, bila atestasio ya kuzaliwa ya watoto, bila karatasi ya kiwanja. Leo majina yao, avenyu zao, hesabu ya watu wa nyumbani, feza waliyoweka katika AVEC na mkopo waliochukua, vyote viko ndani ya tablo za Excel kwenye mashini ya biro. Kuna mama mwenye mstari mmoja wa ile tablo njo ushahidi pekee kwamba aliweka feza yake. Kwa hiyo tukiongea leseni, tunaongea feza ya yule mama.

LESENI NI KITU GANI?

Hapa kwetu ukisema lisansi, mutu anafikiri diploma ya UNIKIS. Mtoto amemaliza, tunatafuta kuku, tunacheza. Na ile lisansi ukishaipata, hakuna anayekuja mwaka ujao kukuambia ulipe tena ili uendelee kuitwa lisansie.

Leseni ya programu ni kitu kingine. Ni mapatano kati ya mwenye programu na mwenye kuitumia. Njia rahisi ya kuielewa ni nyumba ya kupanga. Programu ni nyumba ya mwenyewe. Tablo zetu, majina yetu, hesabu zetu, hivyo ni vyombo vyetu tulivyoingiza ndani. Mwenye nyumba anaweza kupandisha bei, anaweza kubadilisha masharti, anaweza kusema mwaka ujao anataka wapangaji wa namna ingine. Mara nyingi anatoa notisi. Vyombo vinabaki vyetu, lakini mlango ukifungwa vikiwa ndani, tutahangaika kuvitoa.

Kuna namna nne za leseni zenye tunakutana nazo katika kazi.

Ya kwanza ni ile ya kununua mara moja. Unalipa, unaweka programu kwenye mashini moja, inakaa. Office 2019 ilikuwa hivyo. Haizimiki, lakini siku moja mwenyewe anaacha kuitengeneza.

Ya pili ni ya kulipa kila mwezi ao kila mwaka. Usipolipa, inafunga. Mtindo huu haukuanza leo. Adobe, kampuni yenye kutengeneza Photoshop, ilitangaza mwezi wa Mei 2013 kwamba matoleo yake mapya yatakuwa ya kulipia kwa muda tu. Kampuni nyingine nyingi zimefuata njia hiyo.

Ya tatu ni ya bure yenye mpaka. Hapa watu wanajidanganya mingi. Programu kama TeamViewer, ao ile Avast ya bure yenye kufukuza virusi, ni bure kwa mutu binafsi nyumbani kwake. Chama si mutu binafsi. Zoom nayo: tangu 15 Julai 2022, hata mazungumzo ya watu wawili kwenye mpango wa bure yanakatwa ikifika dakika 40.

Ya nne ni leseni huria. Mwenye programu anaruhusu kila mutu, chama ao kampuni, kuitumia, kuikopi na kumpa mwingine, bila kulipa. LibreOffice iko katika kundi hili. Tutairudilia.

KITU GANI KIMEBADILIKA?

Mwaka 2025 ulileta mabadiliko mengi kwa mara moja. Tutataja yale yenye kutugusa moja kwa moja.

La kwanza ni la mashirika yasiyotafuta faida. Kwa miaka, Microsoft ilikuwa inawapa mashirika yaliyokubaliwa leseni 10 za bure za Microsoft 365 Business Premium. Njo hizi chama kinatumia. Ndani yake kulikuwa Word na Excel za kuweka kwenye mashini, zenye kufanya kazi hata bila intaneti. Kuanzia 1 Julai 2025, ile zawadi ilisimamishwa: kila shirika, siku yake ya kufanya upya ikifika, haliipati tena bure. Mahali pake kuna njia mbili. Njia moja ni Business Basic, ya bure, mpaka watu 300. Njia ya pili ni kulipia Business Premium kwa punguzo la hadi asilimia 75, yaani dola 5.50 kwa mutu mmoja kwa mwezi.

Mutu anaweza kusema: tulikuwa na leseni 10, sasa wanatupa mpaka 300 za bure, shida iko wapi? Shida iko hapa: Business Basic haina Word na Excel za kuweka kwenye mashini ya biro. Unaandika kupitia intaneti. Kwa mutu wa Paris ao Nairobi hiyo si shida kubwa. Kwa sisi, kuran ikikatika na mega zikiisha, Excel ya namna hiyo haifunguki. Na mwenye kwenda Lubunga kuandika familia mpya, fasi kwenye rezo inakuja na kwenda, atarudi na kazi nusu. Neno moja tu katika leseni limebadilika, lakini kwetu linabadilisha namna nzima ya kufanya kazi.

La pili ni Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitengeneza. Mashini hazikuzimika siku ile, na bado zinafanya kazi. Ila matundu mapya yenye wezi wa intaneti wanagundua hayazibwi tena, isipokuwa kwa mwenye kujiandikisha katika mpango wa kuongeza muda. Kwa mutu binafsi, mpango huo unafika 13 Oktoba 2026. Kwa mashirika bei ilitangazwa dola 61 kwa mashini moja mwaka wa kwanza, na inazidishwa mara mbili kila mwaka unaofuata, kwa miaka isiyopita mitatu. Windows 11 yenyewe inadai mashini yenye kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, memori ya gigabaiti 4 na zaidi, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kati ya mashini nne za chama, mbili hazifikii kipimo hicho. Ni nzima, skrini nzuri, klavie nzuri, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa kwao.

La tatu ni Office 2016 na Office 2019. Nazo ziliachwa siku ileile, 14 Oktoba 2025. Zitaendelea kufunguka. Mwenye kuzitumia ajue tu kwamba anatembea bila mwavuli.

La nne linahusu hesabu. Tangu 1 Januari 2024, vyama na mashirika yasiyotafuta faida katika inchi za OHADA, na Kongo ni mmoja wao tangu 2012, vina mfumo wao wa hesabu wenye kuitwa SYCEBNL. Programu ya hesabu iliyonunuliwa kabla ya hapo haina lazima mpango huo ndani, na mara nyingi mwenye kuuza anadai malipo mapya ili auingize. Hapohapo, kampuni za programu za hesabu nazo zinasukuma watu kwenda kwenye malipo ya kila mwaka. Intuit, kwa mfano, iliacha kuuza QuickBooks Desktop nyingi kwa wateja wapya wa Marekani baada ya 30 Septemba 2024, na toleo la 2022 likaachwa baada ya 31 Mei 2025. Kama mfadhili aliwahi kuwaachia programu ya namna hiyo, muangalie mwaka wake. Na mujue pia kwamba SYCEBNL ina njia ndogo kwa vyama vidogo, ya kuandika feza inayoingia na inayotoka. Kwa chama cha ukubwa wetu, tablo iliyopangwa vizuri inaweza kutosha. Musikubali mutu awauzie programu kubwa kwa kuwatisha na neno OHADA.

La tano ni KoboToolbox, yenye vijana wetu wanatumia kwenye telefoni kuandika familia. Programu yenyewe ni huria, lakini nafasi ya bure kwenye seva yao ina mipaka ya hesabu ya fomu kwa mwezi na ya uzito wa mafaili. Kwa chama chetu mpaka huo haujatufikia. Ila siku tutafanya uchunguzi mkubwa na picha nyingi, tuangalie kwanza mpaka uko wapi, kabla ya kutuma vijana ku tereni.

LESENI IKIISHA, VYOMBO VINAKUWAJE?

Hapa tunaomba musikilize vizuri, maana watu wanachanganya maneno mawili: kuachwa na kufungwa.

Programu iliyoachwa, kama Windows 10, inaendelea. Hatari inaongezeka polepole, lakini daftari linafunguka. Programu ya kulipia muda, leseni yake ikiisha, inafungwa kwa hatua. Kwa leseni za Microsoft 365 za mashirika, kawaida ni hivi: siku 30 za kwanza kisha ya mwisho, watu bado wanaingia. Kisha siku 90 zenye mkubwa wa akaunti peke yake anaweza kuingia na kutoa vitu. Kisha hapo vinafutwa. Na hata leseni ikiwa hai, ile Excel ya kwenye mashini inapaswa kuona intaneti angalau mara moja kwa siku 30, la sivyo inakataa kuandika mpaka iione.

Tumeona jambo hili kwa macho katika chama kimoja kidogo tulichokuwa tunasindikiza, mbali na hapa. Kesiye alitupigia telefoni: "Iko inafunguka, naona majina yote, lakini inakataa niandike." Ilikuwa siku ya kugawa akiba ya mwisho wa mwaka. Watu wamekaa kwenye viti tangu asubuhi. Hesabu ya mwezi wa mwisho ilikuwa kwenye vikaratasi, na tablo haikutaka kuipokea. Walifanya kazi kwa kalamu mpaka usiku, na kisha yake walipitisha wiki tatu wakilinganisha karatasi na tablo, maana kila mutu alikuwa na hesabu yake. Feza haikupotea. Kilichopotea ni imani: wamama wawili waliondoka chama ju walifikiri kesiye anaficha kitu. Kesiye hakuficha kitu. Leseni ilikuwa imefika mwisho, na notisi ilikuwa imetumwa.

NOTISI INATUMWA, LAKINI NANI ANAIFUNGUA?

Hii njo kiini cha mazungumzo yetu. Mabadiliko mengi tuliyotaja yalitangazwa mapema. Mwisho wa Windows 10 ulijulikana miaka kabla. Mwisho wa zile leseni 10 ulitangazwa kabla ya kuanza. Kampuni hizi hazitumi mutu na pikipiki mpaka Mangobo ao Kabondo. Zinatuma imeli, kwa Kingereza ao kwa Kifaransa kizito, kwa anwani iliyoandikwa siku ya kufungua akaunti.

Sasa muangalie ile anwani ni ya nani. Mara nyingi ni ya kijana wa staji aliyefungua akaunti, akamaliza staji, akaenda Kinshasa. Ao ni ya mfanyakazi wa shirika la nje lenye mradi wake ulifungwa. Ao ni imeli ya mutu binafsi, katikati ya matangazo ya mazulia na ya bahati nasibu. Barua ya mwenye nyumba inafika kila mara kwenye sanduku lenye hakuna anayelifungua. Kisha siku mlango unafungwa, watu wanasema: hawakutuambia.

Kwa hiyo kufuata mabadiliko ya leseni hakuombi mutu awe enjiniere. Kunaomba mutu mmoja, anwani moja, na daftari moja.

TUFANYE NINI?

Kwanza, anwani ya chama. Tufungue imeli yenye jina la chama, isiyo ya mutu. Neno la siri likae kwa watu wawili, sekretere na Mama Prezidenti, limeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa katika sanduku la chama. Akaunti zote zihamie kwenye anwani hiyo. Kila komite ikibadilika, remisi na reprizi iandike pia: tumepokea ile bahasha.

Pili, mutu wa leseni. Komite ichague mutu mmoja na msaidizi wake. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi anafungua imeli ya chama na kusoma yote yenye kutoka kwa kampuni za programu. Kama ni Kingereza, anatuletea tusome pamoja. Biro letu liko wazi kwa hiyo kazi, na hailipiwi.

Tatu, daftari la leseni. Daftari la karatasi, la mistari, la kununua sokoni. Kila programu ukurasa wake. Tuandike: jina la programu na mwaka wake, iko kwenye mashini gani, ni namna gani kati ya zile nne, ilinunuliwa ao ilitolewa na nani, fakture iko wapi, tarehe ya mwisho, na tarehe ya miezi mitatu kabla ya mwisho, hii kwa biki nyekundu. Ukitaka kujua Windows yako ni ipi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, itakuambia. Kwa Office, fungua Excel, nenda Fichier, kisha Compte.

Ine, maswali matano. Kila barua ya kubadilisha masharti ikifika, tusiogope urefu wake. Tutafute majibu ya maswali haya tu. Nani anaruhusiwa kutumia: mutu binafsi ao chama pia? Watu wangapi, mashini ngapi? Inafanya kazi bila intaneti, na kwa siku ngapi? Inaisha lini, na kufanya upya ni kwa bei gani? Ikiisha, vitu vyetu tunavitoa namna gani na kwa siku ngapi? Kama barua haijibu, tunaandika kuuliza kabla ya kubonyeza "J'accepte". Kubonyeza pale ni kutia sahihi.

Tano, nakala. Hili njo la maana kupita yote. Kila mwisho wa mwezi, daftari la wanachama na la akiba likopiwe kwa namna mbili za faili: xlsx kama kawaida, na CSV, yenye programu yoyote ya tablo inaweza kufungua. Likae kwenye flashi mbili, moja biro, moja kwa mwanakomite anayekaa komini ingine. Na kila miezi mitatu tulichapishe kwenye karatasi, kesiye na komisere wa hesabu watie sahihi. Karatasi haina leseni. Ila tukumbuke: haya ni majina ya watu, telefoni zao na fasi wanalala. Kodi ya numeriki ya inchi yetu, ya 13 Machi 2023, inalinda habari za watu. Flashi ya chama haiingii kwenye mashini ya sekretaria ya barabarani, na karatasi haiachwi juu ya meza.

JE, TUHAMIE PROGRAMU HURIA?

Watu wametuuliza: kwa nini tusiache haya yote, tutumie LibreOffice? Ni swali zuri. LibreOffice inafungua tablo za Excel, inafanya kazi bila intaneti, na hakuna siku ya mwisho ya leseni. Na historia yake inafaa kwa watu kama sisi. Kulikuwa programu inaitwa OpenOffice, ya kampuni Sun. Mwanzoni mwa 2010, Oracle ilinunua Sun. Watu waliokuwa wanaitengeneza waliogopa kesho ya kazi yao, na mwezi wa Septemba mwaka uleule wakatoka nayo, wakaanzisha LibreOffice. Waliweza kutoka na vyombo vyao ju leseni ya zamani ilikuwa inaruhusu. Sisi waliokimbia tunajua tofauti kati ya kutoka na mzigo na kutoka mikono mitupu.

Lakini tuseme ukweli. Kuhama ni kazi. Fomula za kawaida zinapita vizuri. Makro, zile amri za kujiendesha ndani ya Excel, zinaweza kukataa. Kesiye aliyezoea vitufe vyake atahitaji siku kadhaa. Na mfadhili mwenye kudai ripoti kwa modeli yake ya Excel atahitaji tuangalie kama haijavurugika kabla ya kutuma.

Kuna pia wenye kusema: twende mjini, kijana atatuwekea Windows na Office ya kukrakiwa kwa feza kidogo. Tunawaomba hapana. Mutu aliyevunja kufuli ya programu hatujui aliacha nini ndani, na mashini hiyo njo inabeba majina ya wanachama wote. Zaidi ya hapo, mkaguzi wa mfadhili akiomba fakture ya programu, hatutakuwa na jibu.

Basi pendekezo letu kwa komite ni hili. Tuchukue Business Basic ya bure kwa imeli na mikutano ya watu wote wa komite. Tulipie Business Premium mbili tu, ya kesiye na ya sekretere. Tukilipia zote 10, ni dola 660 kwa mwaka. Mbili ni dola 132. Mashini mbili zenye hazikubali Windows 11 tuziwekee Linux na LibreOffice, zifanye kazi ya kuandika familia mpya. Na nakala zote zianze mwezi huu, tusingoje wa tano.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa mashini, kwa mafunzo, kwa mega. Tunaomba mambo matatu, kwa heshima.

Mukitupa mashini ya mkono wa pili, muangalie kwanza kama inakubali Windows 11, ao mutupatie yenye Linux tayari. Mashini isiyokubali inageuka deni kwa mwenye kuipokea.

Mukitununulia leseni, fakture iandikwe jina la chama, na akaunti iwe kwenye imeli ya chama. Mradi wenu ukifika mwisho, leseni isife na mradi, ao angalau tupate miezi mitatu ya kutoa vyombo.

Na ndani ya bajeti, muweke mstari wa leseni kwa mwaka unaofuata mradi. Dola 132 ni kidogo katika mradi wa maelfu. Katika kesi ya chama chenye wamama wanaweka akiba kila wiki, si kidogo. Ikilazimika itoke kwenye akiba yao, lazima wao wenyewe waikubali kwa kura.

MANENO YA MWISHO

Ba mama na ba papa, hatuwezi kuzuia kampuni ya mbali kubadilisha masharti yake. Itabadilisha tena mwaka ujao, na mwaka wa kisha. Tunachoweza ni kujua kabla, na kuwa na nakala mkononi siku hiyo ikifika.

Tunaomba mkutano huu uamue mambo matatu leo, kabla watu hawajatawanyika: jina la mutu wa leseni na msaidizi wake, tarehe ya kuhamisha akaunti kwenye imeli ya chama, na nani atabeba flashi ya pili. Daftari la kwanza la leseni tumelileta hili hapa, kurasa tano za mwanzo tumeshazijaza pamoja na sekretere. Zilizobaki ni zenu.

Sasa tuko tayari kwa maswali, na tunaomba wenye kurudi Lubunga waulize wa kwanza.